Miezi 8 ya kuambiwa apunguze mawazo: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa aliyetafuta daktari wa kumsikiliza

Kuhusu kisa hiki

Kisa ni cha mwanamke wa miaka 30 na ushei. Jina, mahali, kazi na tarehe zimeondolewa, na mambo machache madogo ya maisha yake yamebadilishwa ili asitambulike. Miezi inahesabiwa tangu alipoona dalili ya kwanza. Madaktari watano aliowapitia wanatajwa kwa mpangilio wao tu, wa kwanza hadi wa tano.

Ugonjwa uliogunduliwa mwishoni ni adimu: huko Ulaya unakadiriwa kuwapata watu 100 hadi 140 hivi katika kila milioni moja. Kwa hiyo msomaji mwenye uchovu wa muda mrefu asiondoke hapa na jina la ugonjwa huu kichwani, maana uchovu wake huenda una sababu ya kawaida zaidi. Tunachotaka kukionyesha ni namna ya kumtafuta daktari, na namna ya kumpima, pale dalili zinapoachwa bila maelezo. Namna hiyo inafaa hata kama ugonjwa ni wa kila siku.

Alivyokuwa kabla

Hakuwa na ugonjwa wa kudumu wala dawa yoyote aliyotumia. Mama yake mzazi anatumia vidonge vya thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa miaka mingi. Jambo hili hakuulizwa na daktari hata mmoja kati ya watatu wa mwanzo, naye hakujua kwamba lina maana. Miezi minne kabla ya dalili ya kwanza alifiwa na baba yake. Msiba huo ndio uliokuja kuwa jibu la kila swali.

Miezi 8, madaktari 3

Mwezi wa 2 alimwambia daktari wa kwanza, "Nachoka sana." Aliulizwa kuhusu usingizi, hedhi, na kama kuna jambo linalomsumbua. Akataja msiba. Wingi wa damu na sukari vilipimwa, vikawa sawa. Akaambiwa apumzike, apunguze mawazo, na arudi asipopata nafuu.

Ushauri huo haukuwa mbaya, na ni haki kulisema hilo. Uchovu wa miezi miwili kwa mtu aliyefiwa karibuni, ambaye damu na sukari viko sawa, mara nyingi huisha wenyewe. Kasoro ilikuwa moja: "rudi usipopata nafuu" haikupewa tarehe. Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa ni mawazo haoni sababu ya kurudi kwa mtu yule yule.

Mwezi wa 4 tumbo lilianza kuuma, kichefuchefu kila asubuhi, na uzito ulikuwa umepungua kilo 3. Akaenda kliniki nyingine, mikono mitupu, bila karatasi hata moja. Daktari wa pili akaanza upya. Alisikia "tumbo," akaandika dawa ya kupunguza asidi kwa wiki nne, akaagiza vipimo vya damu ikiwemo chumvi za damu. Siku mbili baadaye muuguzi alipiga simu: "Majibu yako ni mazuri." Karatasi yenyewe hakuiona. Tutairudia.

Mwezi wa 6 uzito ulikuwa umeshuka kilo 6, na akiinuka kitandani dunia inazunguka. Alikuwa amekesha usiku mwingi akisoma kwenye intaneti, akaingia kwa daktari wa tatu na kurasa 14 zilizochapwa, akaanza kwa kusema ugonjwa alioudhania. Ulikuwa mwingine kabisa. Dakika karibu zote ziliishia kwenye kubishana kuhusu kurasa zile. Mwishoni alilia. Presha ilipimwa akiwa amekaa, 98/62, akaambiwa ya kushuka ni nafuu kuliko ya kupanda, anywe maji zaidi. Aliandikiwa dawa ya sonona na kupewa miadi baada ya wiki 8.

Dhana ya sonona haikuwa ya ajabu: mtu amefiwa, amekonda, hali chakula, analia. Alizitumia dawa kama alivyoelekezwa. Baada ya wiki 8 uzito ulikuwa chini kwa kilo 8 na hakuna kilichobadilika ila kipimo cha dawa, kilichoongezwa. Wiki hiyo hiyo alianguka bafuni. Hapo ndipo dada yake alipoingilia.

Uamuzi wa kwanza: kusimama wiki mbili

Dada mtu alitaka watafute daktari mkubwa zaidi siku ile ile. Mgonjwa alikataa, na alikuwa na hoja: kila alipobadilisha daktari alianza sifuri, na kila aliyeanza sifuri alifika pale pale. Wakakubaliana kutumia siku 14 kukusanya mambo kwanza, kwa sharti moja: akizimia au akitapika asiweze kunywa chochote, wanakwenda dharura bila kujadiliana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuomba nakala za kumbukumbu kwa maandishi kutoka kliniki zote tatu. Waliomba karatasi za maabara zenyewe zenye namba, wala hawakuridhika na barua ya muhtasari. Tofauti ni kubwa, kwa kuwa muhtasari huandikwa na mtu aliyekwisha kuamua nini kina maana. Kliniki mbili zilitoa ndani ya wiki. Ya tatu ilibidi kufuatwa mara mbili. Walipozipanga kwa tarehe mezani na kuzungushia kalamu kila namba yenye nyota, alama ya maabara kwamba namba iko nje ya kawaida, karatasi ya mwezi wa 4 ilikuwa na nyota mbili. Sodiamu 132, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Potasiamu 5.3, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Hayo ndiyo majibu yaliyoitwa mazuri. Kila namba peke yake ilikuwa nje ya mpaka kidogo tu, ya kupuuzwa kirahisi. Sodiamu kushuka na potasiamu kupanda kwa pamoja, kwa mtu asiyetumia dawa yoyote inayogusa figo au presha, ni jambo linalodai maelezo.

Ya pili ilikuwa daftari lenye safu nne: saa, alikuwa anafanya nini, nini kilitokea, kilidumu muda gani. Hisia hazikuandikwa humo. Badala ya "leo hali mbaya" aliandika "saa 3 asubuhi, napiga pasi, baada ya dakika 10 miguu inaisha nguvu, nimelala dakika 40." Daftari la namna hii halimchoshi daktari, maana linasomeka kwa jicho moja. Humo ndani kukatokea jambo ambalo hakuwahi kulisema popote: karibu kila siku alikuwa anajichotea chumvi kwa kidole na kuilamba. Aliona aibu. Alidhani ni tabia mbaya iliyomwingia.

Ya tatu ilikuwa presha, kwa mashine ya kuazima. Alilala chali dakika 5, akapima. Akasimama, akapima baada ya dakika 1, tena baada ya dakika 3, na dada yake amesimama karibu asije akaanguka. Walifanya hivyo asubuhi 6. Akiwa amelala ilikuwa kama 104/66 na mapigo 78. Akisimama, 80/54 na mapigo 112. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, huo ni mshuko halisi, na mgonjwa hawezi kuutunga. Presha ya kukaa, ambayo ndiyo pekee aliyopimwa kliniki, ilikuwa imeuficha.

Vyote hivyo vilifupishwa kwenye karatasi moja, upande mmoja. Tunaiweka hapa karibu kama ilivyokuwa:

> Ninachoomba: kujua sababu ya dalili hizi, au mpango wa kuitafuta.
> Kabla: nilipanda ngazi ghorofa nne bila kupumzika. Sasa: napumzika kila ghorofa.
> Uzito: umepungua kilo 8 kwa miezi 8, sijajinyima chakula.
> Kizunguzungu nikisimama. Presha ya kulala na kusimama, siku 6: jedwali nyuma.
> Kichefuchefu asubuhi, tumbo kuuma. Dawa ya asidi wiki 4: haikusaidia.
> Dawa ya sonona wiki 8: haikusaidia. Bado naitumia.
> Natamani chumvi, nailamba, karibu kila siku.
> Damu, mwezi wa 4: sodiamu 132, potasiamu 5.3. Haijarudiwa.
> Mama: ana ugonjwa wa thairoidi.
> Msiba: baba, miezi 4 kabla ya dalili.

Karatasi haina jina la ugonjwa wowote. Msiba umeandikwa, haukufichwa, ila umewekwa mwisho. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Mgonjwa anayeficha msiba akihofia kuambiwa ni mawazo hupoteza uaminifu pale unapojulikana. Anayeanza nao huufanya uwe mlango wa maelezo yote yanayofuata.

Uamuzi wa pili: vigezo vya kumchagua daktari

Hawakuuliza watu "daktari gani ni mzuri," kwa sababu jibu la swali hilo huwa ni daktari gani ana tabasamu. Walipiga simu mapokezi wakauliza mambo manne. Miadi ni ya dakika ngapi, na inawezekana kuchukua miadi miwili mfululizo? Nikirudi, nitaonwa na daktari huyo huyo? Majibu ya vipimo ananipa nani, na nitapata nakala? Nikizidiwa kabla ya miadi, nampigia nani?

Kliniki mbili zilijibu yote manne vizuri. Walichukua miadi kwa zote mbili, siku nne zikipishana, ili wa pili awepo endapo wa kwanza hatafaa.

Daktari wa nne: mpole

Alikuwa mtu wa huruma ya kweli. Alimshika mgonjwa mkono, akasema anaona jinsi alivyoteseka. Karatasi aliipokea kwa heshima, akaipitia juu juu, akaiweka kando. Dada mtu, kwa uchungu wa miezi yote ile, alizungumza karibu nusu ya muda; mgonjwa mwenyewe alisema sentensi chache. Daktari hakumpima mwili. Aliagiza damu, na siku mbili baadaye akapiga simu yeye mwenyewe, jambo la kusifiwa: homoni ya TSH, inayoonyesha hali ya thairoidi, ilikuwa 6.3 wakati mpaka wa juu wa maabara ni 4.5. Kwa historia ya mama, akasema, jibu limepatikana. Aliandika vidonge vya levothairoksini, dawa ya thairoidi.

Mgonjwa alitoka na faraja kuliko siku zote. Dada yake ndiye aliyeirudia ile karatasi usiku ule akauliza: thairoidi kulegea kidogo namna hii inaeleza kilo 8 zilizopungua? Thairoidi ikilegea, kwa kawaida mtu huongezeka uzito. Inaeleza chumvi? Inaeleza potasiamu? Kwa kuwa miadi ya daktari wa tano ilibaki siku mbili, walikwenda na cheti cha dawa kabla ya kuinunua.

Daktari wa tano: wa maneno machache

Huyu hakutabasamu. Aliisoma karatasi yote kimya, kama dakika mbili, kisha akaiweka katikati ya meza, akaiacha pale hadi mwisho. Safari hii dada mtu alikuwa na kazi mbili tu walizokubaliana nyumbani: kuandika, na kuuliza swali mwishoni ikiwa kuna lililosahaulika.

"Hii chumvi," daktari akauliza, "ilianza lini?"

"Kama mwezi wa tatu, Daktari. Naona hata haya kusema."

"Usione haya, mama. Fungua mdomo nione fizi."

Alitazama fizi na ulimi, mistari ya viganja, vifundo vya vidole, na kovu jipya la kujikata kisu la miezi mitano nyuma. Akalilinganisha na kovu la zamani la goti. Kovu jipya lilikuwa jeusi kuliko la zamani, na kwenye fizi kulikuwa na madoa meusi. Akamwomba dada mtu picha ya mgonjwa ya miaka miwili nyuma kwenye simu, akaiweka karibu na uso wake. Kisha akapima presha mwenyewe, kulala na kusimama. Ilishuka kwa 26.

Inafaa kukaa kidogo kwenye ngozi, kwa sababu hapa watu wengi hupotelewa. Ngozi kuwa nyeusi ni ishara maarufu ya ugonjwa huu, lakini kwa miaka mingi picha za vitabu vya udaktari zimekuwa zaidi za watu weupe. Kwa mtu ambaye ngozi yake ni nyeusi kwa asili, mabadiliko hayaruki machoni. Hutafutwa kwenye fizi, kwenye mistari ya viganja, kwenye makovu yaliyotokea baada ya ugonjwa kuanza, na kwa kulinganisha na picha za zamani au ndugu wa damu. Watu wa nyumbani walikuwa wameona kwamba amekuwa mweusi kidogo. Walisema ni jua.

Maelezo ya daktari yalikuwa mafupi. "Bado sijui. Lakini chumvi, presha, uzito, ngozi na hizi namba mbili, kitu kimoja kinaweza kuvieleza vyote, na hakiwezi kusubiri. Kesho saa 2 asubuhi uje utoe damu. Hivi vidonge vya thairoidi viweke kando hadi nione majibu."

Alisema na sababu ya hilo la mwisho. Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Ikipungua, TSH yenyewe huweza kupanda kidogo bila thairoidi kuwa na tatizo. Levothairoksini huharakisha matumizi ya kotisoli mwilini, hivyo mtu ambaye tayari hana ya kutosha anaweza kuangushwa nayo hadi kwenye hali ya hatari.

Mwisho aliandika kwa mkono karatasi ya kubeba: akitapika mara mbili, akizimia au akichanganyikiwa, aende dharura usiku huo huo na amwonyeshe atakayempokea maneno haya: "Nashuku upungufu wa adrenali. Msisubiri majibu kuanza tiba." Mgonjwa alisema baadaye kwamba karatasi ile, kutoka kwa mtu ambaye hakutabasamu hata mara moja, ndiyo iliyomfanya aone kwamba ameaminiwa.

Matokeo

Kotisoli ya asubuhi ilikuwa nanomoli 62 kwa lita. Chini ya 100 asubuhi huashiria kwa nguvu upungufu wa adrenali. Sodiamu ilikuwa imefika 127, potasiamu 5.7. Daktari alipiga simu alasiri hiyo na kumpeleka hospitali moja kwa moja. Huko walichukua damu ya kupima ACTH, homoni inayoziamuru adrenali zitoe kotisoli, na papo hapo, bila kungoja jibu, wakampa hidrokotizoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, miligramu 100 kwa mshipa na dripu ya maji ya chumvi. ACTH ilirudi juu mno: ubongo ulikuwa unazipigia kelele tezi zisizojibu. Kifua kikuu, kinachoweza kuziharibu adrenali, kilitafutwa hakikuonekana. Vipimo vya kingamwili vilionyesha kinga ya mwili ndiyo iliyokuwa inazishambulia.

Kwa jina la kitabibu ni ugonjwa wa Addison, jina lililotokana na daktari Thomas Addison aliyeueleza London mwaka 1855. Unyonge, tumbo kuvurugika, ngozi kuwa nyeusi: yote yamo kwenye maandishi yake. Tezi hizo hutoa pia aldosteroni, inayoiambia figo ibakize sodiamu na kutoa potasiamu. Isipokuwepo, sodiamu hutoka na mkojo ikifuatana na maji, presha hushuka mtu akisimama, potasiamu hubaki, na mwili hudai chumvi. Alichokuwa akikionea aibu jikoni ulikuwa mwili wake ukijitibu.

Sasa anatumia hidrokotizoni miligramu 20 kwa siku, zikigawanywa 10, 5 na 5, pamoja na fludrokotizoni, inayoshika nafasi ya aldosteroni, miligramu 0.1. Baada ya miezi mitatu uzito ulirudi kilo 6, na presha ya kusimama haikushuka tena. TSH ilirudi 3.1 bila kidonge cha thairoidi. Dawa ya sonona ilipunguzwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Uchambuzi

Daktari wa nne na wa tano walikuwa na karatasi ile ile, dalili zile zile, mgonjwa yule yule, na wiki ile ile. Tofauti yao haikuwa upole; kwa upole wa nne alishinda. Tofauti ni walichofanya na mambo yasiyoingia kwenye jibu lililopatikana. Wa nne alipata namba moja iliyolingana na historia ya familia, akafunga. Chumvi, potasiamu na kilo 8 zilibaki nje ya mlango. Wa tano alianza na hizo zilizobaki nje. Mgonjwa akimtafuta daktari anayejali, hicho ndicho kipimo tunachompa: mwangalie anafanya nini na dalili isiyoingia kwenye jibu lake. Je, anairudia? Anakugusa na kukupima, au anaagiza tu? Anaweza kusema "bado sijui" na mara hiyo hiyo akakupa tarehe? Sauti ya huruma ni neema, na mtu aliyepuuzwa miezi 8 anaihitaji, lakini inaweza kumfanya aridhike mapema. Kisa hiki kilikuwa siku mbili tu mbali na dawa ambayo ingeweza kumdhuru, na aliyeiandika ndiye aliyempenda kuliko wote.

Daktari wa kwanza hatumlaumu. Wa pili, ndiyo: aliagiza kipimo, kipimo kikasema kitu, na hakuna aliyekisikiliza. Huenda majibu yalipitia kwa mtu aliyetazama namba zinazotisha tu. Kinga ya mgonjwa ni rahisi: kila kipimo, omba karatasi, na kwa kila nyota uliza, "Hii ina maana gani, na itarudiwa lini?"

Wa tatu alirithi jibu. Msiba ulikuwa umeandikwa kwa wa kwanza, mgonjwa mwenyewe aliusema kwa wa pili, na kufikia wa tatu ulikuwa umekuwa ukweli usiohojiwa. Kinachoweza kuukatiza mkondo huo ni swali. Mgonjwa huyu angelijua mapema, lingefaa sana: "Daktari, tukiuacha msongo wa mawazo pembeni kwa dakika moja, kitu gani kingine kinaweza kuleta kukonda, kizunguzungu na tumbo kwa pamoja?" Halimwambii daktari kwamba amekosea. Linamwomba afikirie mara moja zaidi, na madaktari wengi hulipokea vizuri. Kuna wanaoshauri pia kumwambia daktari aandike kwenye faili kwamba yeye daktari amekataa kukupa kipimo fulani. Linafanya kazi wakati mwingine, lakini ni la kufunga uhusiano. Libaki kwa siku ambayo umekwisha kuamua hutarudi.

Kurasa 14 za intaneti zilimharibia. Kusoma si kosa, na daktari mwenye busara hataki mgonjwa asiyejua kitu. Tatizo ni kwamba jina la ugonjwa likitangulia, mazungumzo yanakuwa juu ya jina hilo, na likikanushwa dalili nazo zinaonekana zimekanushwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulikuta wagonjwa walikatizwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tu tangu waanze kueleza shida yao. Muda wa mwanzo ni mfupi hivyo. "Nachoka sana" unaumaliza bila kusema kitu. "Nimepungua kilo 8, nikisimama presha inashuka kwa 24, na nalamba chumvi" inaingia yote ndani ya sekunde hizo.

Dada mtu alikuwa tatizo kwa wa nne na msaada mkubwa kwa wa tano, na kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi tu. Msindikizaji anayesema kwa niaba ya mtu mzima humfanya daktari asikie hadithi ya pili badala ya ya kwanza. Anayeandika humwezesha mgonjwa kusikiliza bila hofu ya kusahau.

Siku 14 za kusimama zilikuwa na hatari, na hatuzipendekezi kwa kila mtu. Akiba ya mwili wake ilikuwa ndogo kuliko walivyojua. Kuhara kwa siku moja kungeweza kumwangusha. Kilichozifanya zivumilike ni lile sharti la dharura waliloliweka kabla ya kuanza. Leo tungesema siku 5, na simu kwa kliniki siku ile ile namba za presha zilipoonekana.

Kadi

Mwenye ugonjwa huu huongeza dozi mara mbili au tatu akiwa na homa, na akitapika asiweze kubakiza vidonge huhitaji sindano ya hidrokotizoni. Miezi mitano baada ya kugunduliwa alitapika usiku, dada yake akamdunga miligramu 100 kwenye paja kama alivyofundishwa, wakaenda dharura. Mpokeaji aliisoma kadi yake ya dharura, ambayo mstari wa kwanza ulisema "Nina ugonjwa wa Addison," akasema asubiri zamu. Walisubiri dakika 50 kabla daktari wa zamu hajapita na kuiona.

Wiki iliyofuata daktari wa tano aliiandika kadi upya. Jina la ugonjwa sasa liko mstari wa tatu. Wa kwanza unasema: "Hidrokotizoni 100 mg, mshipa au msuli, SASA." Wa pili: "Maji ya chumvi kwa dripu. Usingoje vipimo."